Chanjo ya ng'ombe ndiyo iliyootesha miti Serengeti

Kila mvua zikianza, viongozi huja na miche na wapiga picha. Sina ugomvi na miche. Nimekuwa bwana mifugo mkoani Mara mpaka nilipostaafu, na thamani ya kivuli naijua: jaribu kusimama saa saba mchana kwenye foleni ya ng'ombe wanaongoja sindano. Lakini kazi kubwa kuliko zote ya kurudisha miti ninayoijua katika nchi hii haikufanywa na mpanda miti. Ilifanywa na waliochanja ng'ombe dhidi ya sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika kwetu karibu mwaka 1890. Ilimaliza mifugo ya Wamaasai karibu yote, na njaa ikafuata. Nyumbu na nyati nao walikufa kwa wingi, na kwa miaka kama sabini baadaye ugonjwa uliendelea kuwavamia ndama wao. Ng'ombe walipochanjwa kwa wingi pembezoni mwa hifadhi ya Serengeti, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu wenyewe hawakuchomwa sindano. Ghala la ugonjwa lilikuwa kwenye maboma yetu. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3.

Sasa fikiria midomo yote hiyo. Nyasi ambazo awali zilikauka zikingoja kiberiti, zikaliwa. Moto ukapungua. Miche ya migunga, iliyokuwa ikiungua kila kiangazi kabla haijafika magotini, ikapata nafasi ya kuwa miti, na twiga wakapata malisho. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walikwenda mbali zaidi: kwa hesabu zao, Serengeti iliyokuwa ikitoa kaboni hewani iligeuka ikawa inaivuta kutoka hewani. Chanjo ya ng'ombe wa mfugaji ilifika mpaka kwenye hewa tunayovuta.

Kwamba viumbe hubadilisha hata hewa si wazo jipya: mwanasayansi Mrusi Vladimir Vernadsky alikwisha kuandika mwaka 1926 kwamba uhai si mpangaji tu katika dunia hii, bali ni nguvu inayoibadilisha. Bakteria wa majini ndio waliotujazia oksijeni hewani, kuanzia miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, na viumbe vilivyofuata vikalazimika kuishi katika hewa hiyo mpya. Nyasi na walaji wake nao wamefinyangana hivyo hivyo. Nyasi hukua kutokea chini, karibu na udongo, ndiyo maana huchipua tena baada ya kukatwa na meno. Nyumbu peke yake, bila nyasi, moto, mvua na virusi, hana historia ya kusimulia.

Ndiyo maana hunikera tunapozungumza juu ya hifadhi kana kwamba uhai unaishia kwenye bikoni. Mto Mara unaanzia Mau, Kenya, unapita kwenye mashamba ya watu kabla ya kufika kwa nyumbu, kisha unamwaga maji Ziwa Victoria. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 huzama humo kwa mwaka. Samaki na ndege hula mizoga, na mifupa huendelea kuurutubisha mto kwa miaka kadhaa. Msitu ukikatwa Mau, habari zake zitasikika Musoma.

Wala bikoni haizuii ugonjwa: mwaka 1994 kirusi kinachojulikana zaidi kwa mbwa kiliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa, jamani! Yule anayelala nje ya jiko lako.

Sotoka yenyewe ilitangazwa kufutika duniani mwaka 2011, na kwetu sijaona mnara wa wachanjaji. Hilo si neno. Hatukuwa tukitafuta mnara. Lakini afisa mifugo bado anaonekana mtu wa maziwa na nyama, na mhifadhi mtu wa tembo na simba, kila mmoja na fungu lake. Waheshimiwa wabunge, bajeti ya hifadhi ikija mbele yenu, ulizeni kuna dozi ngapi za chanjo kwa ng'ombe na mbwa wa vijiji vya Bunda, Serengeti na Ngorongoro. Hiyo nayo ni bajeti ya simba.