Bima ya Afya kwa Wote: Swali la Bei Latangulia Swali la Mmiliki

Mwanzoni mwa Machi 2024, wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) waliofika katika baadhi ya hospitali binafsi nchini walielezwa kuwa kadi zao hazipokelewi. Mfuko ulikuwa umeanza kutumia kitita kipya cha mafao, na hospitali hizo, kupitia chama chao cha APHFTA, zilidai kuwa bei za baadhi ya dawa na huduma zimewekwa chini ya gharama halisi. Mfuko nao ulisisitiza kuwa marekebisho yalihitajika ili uendelee kuwa hai, kwa kuwa gharama za magonjwa sugu zilikuwa zikipanda na baadhi ya watoa huduma walikuwa wakiwasilisha madai yasiyo ya kweli.

Huduma zilirejea baada ya mazungumzo. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ambaye dawa zake haziruhusu kukatishwa, siku chache si jambo dogo, na tukio hilo lilifufua mjadala wa zamani: je, huduma za afya ziwe mikononi mwa Serikali, au sekta binafsi ipewe nafasi kubwa zaidi?

Tanzania imekwisha kulijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku utoaji wa tiba kwa lengo la faida, ikaruhusu taasisi zilizoidhinishwa tu, hasa za dini. Hoja yake ilikuwa nyoofu: ugonjwa hauchagui tajiri wala maskini, hivyo tiba isiuzwe kama bidhaa dukani. Marekebisho ya mwaka 1991 yaliufungua tena mlango kwa watu binafsi, wakati uchumi ulikuwa umeyumba na vituo vya umma vikikabiliwa na uhaba wa dawa na vifaa. Muda mfupi baadaye, uchangiaji wa gharama ukaingia katika hospitali za Serikali zenyewe.

Wanaotetea hospitali za umma wana hoja ambayo wapinzani wao hawaipi uzito unaostahili. Mwekezaji huchagua mahali pa kujenga, na mara nyingi huchagua mjini, penye wateja wenye uwezo. Zahanati ya kijiji haina hiari hiyo. Isitoshe, ni vituo vya umma vinavyobeba sehemu kubwa ya msamaha wa gharama kwa wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5 na wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kulinganisha foleni ya hospitali ya wilaya na utulivu wa hospitali ya kulipia, bila kutaja nani anamlipia nani, ni kupima kwa mizani isiyo sawa.

Upande wa pili nao una lake. Mgonjwa anayeandikiwa dawa katika kituo cha umma kisha akaambiwa akanunue nje, tayari ameingia katika sekta binafsi, tena kupitia mlango ulio ghali zaidi: fedha taslimu, papo hapo, bila bima. Huduma inayoitwa ya bure inapokosa dawa, mwenye kulipa ni familia.

Kati ya pande hizo mbili ipo sekta ya tatu ambayo mjadala huisahau. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikataifishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1985 ikarejeshwa kwa Kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha kwa ushirikiano na Serikali. Leo ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Serikali huchangia mishahara ya watumishi wake. Katika wilaya kadhaa, hospitali za madhehebu ya dini zimeteuliwa kuwa hospitali za wilaya kwa mikataba ya namna hiyo. Mkazi wa wilaya hizo akiugua haulizi jengo ni la nani. Huuliza kama daktari yupo na kama atamudu gharama.

Hapo ndipo bima inapobadilisha mjadala mzima. NHIF ilipoanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara unaogawanywa sawa kati ya mwajiri na mtumishi, Serikali ilianza kuwa mnunuzi wa huduma pamoja na kuwa mtoaji wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalipanua jukumu hilo hadi kwa kila mkazi, na kuanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Ulazima wa kujiunga si ukali usio na sababu. Utaratibu wa Toto Afya Kadi, ambao mzazi alimlipia mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa Machi 2023 kwa usajili wa mtoto mmoja mmoja, baada ya Mfuko kubaini kuwa wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa. Bima isiyo na wenye afya njema ndani yake haina wa kuchangia.

Lakini mnunuzi mkubwa ana nguvu kubwa, na nguvu hiyo inahitaji hesabu zilizo wazi. Akiweka bei ya chini mno, hospitali binafsi zitapunguza huduma au zitamtoza mwanachama kwa njia ya pembeni, na foleni yote itahamia katika vituo vya umma. Akiweka ya juu mno, michango ya mwalimu na muuguzi itakwisha kabla ya mwaka. Mgogoro wa Machi 2024 ulikua kwa sababu kila upande ulikuja na hesabu zake za gharama, huku mwanachama akikosa namna ya kujua zipi ni sahihi.

Kadiri wanachama wapya wanavyoongezeka, kitita kitapitiwa tena na tena, na kila mapitio yataibua mvutano uleule. Kutangaza gharama halisi ya kila huduma kabla ya bei kuanza kutumika, zikiwa zimekokotolewa na chombo kisichouza wala kununua huduma, hakutaumaliza mvutano huo. Kutaufanya ufanyike mezani, kabla mgonjwa hajafika dirishani na kadi yake.