Kompyuta Imtumikie Muuguzi

Kumbukumbu ya mgonjwa ni amana. Mwananchi anapomweleza daktari maradhi yake huikabidhi siri yake, na pengine uhai wake, kwa kile kitakachoandikwa. Kwa miaka mingi amana hiyo hapa visiwani imewekwa katika madaftari, makadi na mafaili. Karatasi huloa, huchanika na huliwa na mchwa. Na mgonjwa anayevuka bahari kutoka Pemba kuja Unguja huweza kufika mbele ya daktari mpya hali historia ya maradhi yake imebaki ng'ambo. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuipinga azma ya kuhifadhi kumbukumbu hizo katika kompyuta. Tunaiunga mkono kwa dhati.

Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Swali wanalopaswa kujiuliza viongozi na watendaji wetu si kompyuta ngapi zimenunuliwa. Swali ni hili: je, mtambo umetengenezwa kwa kumtazama muuguzi akiwa kazini, au ni muuguzi anayetakiwa kujikunja ili autoshee mtambo?

Swali hili si dogo. Mwezi Oktoba 2002 hospitali moja ya watoto katika mji wa Pittsburgh, Marekani, ilianza kutumia kompyuta kwa maagizo yote ya madaktari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 uliwahusu watoto walioletwa pale kutoka hospitali nyingine wakiwa mahututi. Ulionyesha kwamba kabla ya mtambo huo walikuwa wakifariki asilimia 2.80 kati yao. Katika miezi 5 baada ya kuanza, wakafariki asilimia 6.57. Kompyuta haikuwa mbovu. Ila daktari hakuweza tena kuagiza dawa kabla mtoto hajafika na kuandikishwa. Agizo lililokuwa likiandikwa kwa sekunde chache sasa lilichukua dakika nzima au zaidi. Na wauguzi waliohitajika kitandani walijikuta mbele ya kioo cha kompyuta. Wataalamu wamebishana kuhusu uzito wa takwimu hizo, na ni haki yao. Hata hivyo, hospitali nyingine ya watoto, katika mji wa Seattle, ilianza kutumia mtambo wa aina hiyo hiyo mwaka 2003, ikiwa imetayarisha mapema maagizo ya kawaida ya wodi ya mahututi, na uchunguzi uliofanywa huko haukuona ongezeko la vifo. Mtambo ni ule ule. Kilichotofautiana ni matayarisho.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano mwema. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, ulianzishwa mtambo mdogo wenye kompyuta 2 na akiba ya umeme. Waasisi wake hawakumlazimisha kila mganga kukaa mbele ya kompyuta. Mgonjwa alibeba fomu ya karatasi kutoka chumba hadi chumba, wahudumu wakaijaza kama walivyozoea, kisha karani akayaingiza yaliyoandikwa. Walipopima, waligundua kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Hapo teknolojia iliingia kwa adabu, ikapiga hodi kwanza.

Hata hapa kwetu tunayo ya kujivunia. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioenezwa katika wilaya zote 11 mwaka 2021, umewapa wahudumu wa afya wa kujitolea simu zenye programu ya Kiswahili inayowaongoza hatua kwa hatua wanapomtembelea mama mjamzito au mtoto mchanga. Chombo hicho humsaidia mhudumu kutenda kazi yenyewe, si kuandika ripoti tu. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kitumike kwa kila mtambo utakaoletwa katika vituo na hospitali zetu.

Yapo mambo manne yasiyofaa kupuuzwa. Kwanza ni kazi maradufu. Muuguzi anayetakiwa kuandika jambo moja katika daftari, kisha katika kompyuta, na huku foleni imefika uani, ataacha moja, na mara nyingi ataacha lile lisilomsaidia kumtibu mgonjwa. Asiitwe mzembe wala mpinga maendeleo, ametumia akili.

Pili ni majina. Katika shehia moja wanaweza kuwapo akina Fatma Ali Juma wanne, na baadhi ya wazee wetu hawaijui tarehe yao ya kuzaliwa. Mtambo unaotafuta watu kwa jina na tarehe pekee utampa mgonjwa mmoja dawa ya mwingine. Yafaa nambari ya kitambulisho, jina la mama na shehia viwe mbele ya macho ya mhudumu, na asiye na kitambulisho asirudishwe mlangoni.

Tatu ni umeme. Hatujasahau kwamba mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme, na kwamba tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani kwa miezi mitatu. Kituo kisicho na utaratibu ulioandikwa na kufanyiwa mazoezi wa kurejea kwenye karatasi, na baadaye kuyaingiza yaliyoandikwa, kimejenga nyumba juu ya mchanga.

Nne ni siri. Wahudumu sita wanapogawana kompyuta moja, na kila mmoja akatakiwa kuandika neno la siri refu kila baada ya dakika chache, mwisho wote watatumia neno la mtu mmoja. Hapo hakuna atakayejua nani aliandika nini, wala nani alisoma. Ulinzi usiojali mwenendo wa kazi huvunjwa na watu waaminifu kabla ya kuvunjwa na wezi.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa Wizara ya Afya na wote wanaohusika. Kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, wauguzi, wakunga, wafamasia na makarani waujaribu mtambo huo katika kituo chenye msongamano, siku ya kliniki, na si katika ukumbi wa semina. Rai yao iwe na nguvu ya kuuzuia au kuubadilisha. Mtambo ukishaanza, awepo mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko na kuyajibu kwa muda uliowekwa. Na fedha za mafunzo na matengenezo zitengwe tangu mwanzo, kwa sababu wafadhili huondoka, lakini wagonjwa hubaki.

Wananchi nao wana haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yao, na wajibu wa kutaja majina na makazi yao kwa ukweli.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Hatusemi tusubiri. Tunasema twende kwa mwendo ambao muuguzi wa Micheweni na wa Makunduchi wataweza kuufuata huku mkono mmoja ukiwa bado umemshika mgonjwa.