Alama Usoni mwa Sarafu ya Babu

Zipo nyumba nyingi ambamo, chini ya sanduku la nguo au ndani ya kopo kuukuu, zimehifadhiwa rupia na hela za enzi ya Wajerumani. Siku shida ibishapo hodi hutolewa, na kwa kuwa zimeingia weusi, mtu huzisugua kwa majivu na ndimu mpaka zing'are, ndipo zipelekwe kwa mnunuzi. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Wakusanyaji wa sarafu hawatazami umri peke yake, bali hutazama uso wa sarafu. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha daraja, toka 1 hadi 70, kwa ajili ya senti kubwa za kale za nchi yake, nacho sasa hutumika kwa sarafu za nchi nyingi. Kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazijapita mikononi mwa watu. Chini yake ni zile zilizolika. Utauliza, ndugu msomaji, sarafu isiyowahi kununua hata kibiriti itapataje alama? Zilipotoka kiwandani zilitiwa magunia, na humo ziligongana. Hivyo mbili zilizopigwa siku moja zaweza kupishana daraja kadhaa.

Chukua rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, sarafu iliyoanza kupigwa mwaka 1890. Mkwaruzo ukiwa shavuni, au mahali patupu mbele ya uso, huonekana mara moja na hushusha daraja. Mkwaruzo kama huohuo ukijificha katika manyoya ya tai aliye juu ya kofia, mkadiriaji huusamehe kwa kiasi.

Lakini zipo alama ambazo si mikwaruzo kamwe. Mwaka 1916, meli za Kiingereza zikiwa zimeziba njia ya bahari, Wajerumani walipiga hela 20 huko Tabora katika karakana ya reli. Zana zilikuwa duni. Chuma cha chapa kilipopata ufa, kila sarafu iliyofuata iliubeba ufa huo. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mstari ulioinuka ni wa kiwandani, uliozama ni jeraha la baadaye. Mnunuzi akikuonyesha mstari ulioinuka na kuuita mkwaruzo ili akupunje, mwambie atazame tena. Wako wakusanyaji wanaozitafuta hasa sarafu zenye nyufa hizo.

Tundu ni habari nyingine. Rupia iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, au reale ya Maria Theresa iliyolehemiwa kikonyo, huanguka bei sana. (Mkufu wa namna hiyo, kwa maoni yangu, usiuzwe kwa mkusanyaji; hataulipia anachokitazama bibi.)

Turudi kwenye majivu. Sarafu inapopigwa, madini husukumwa kwa nguvu ndani ya chapa, na msukumo huo huacha mng'ao unaozunguka ukiigeuza chini ya taa. Majivu, dawa ya meno au unga wa kusugulia sufuria huuondoa, na mahali pake hubaki mikwaruzo myembamba kama nywele, mingi imelala upande mmoja. Mng'ao ule haurudi tena. Makampuni ya Marekani yanayokadiria sarafu huiandika kuwa imesafishwa, na mara nyingi huinyima namba. Weusi wa fedha uliotanda sawasawa kwa miaka hausumbui. Wengine huupenda na kuulipia zaidi.

Sarafu ishikwe ukingoni kwa vidole viwili, isipanguswe hata kwa kitambaa laini, na kila moja ikae katika bahasha yake. Mifuko ya plastiki laini isitumike, maana baadhi yake huacha utando wa kijani. Na mnunuzi akitaja bei ndogo kwa sababu ya alama, aonyeshe ni alama ipi, na iko wapi.