Nani Hulipia Habari Tunazosikia?

Wapo wanaodhani kwamba uhuru wa habari ulipatikana siku ile kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba, Desemba 1991. Sisi wa Giakanja hatuafiki dhana hiyo, ingawa tunayakumbuka vyema yaliyotangulia. Redio ilikuwa ya serikali peke yake, na taarifa ilifunguliwa kwa safari na maneno ya Mtukufu Rais. Jarida la Beyond lilipofichua wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, lilipigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kifungo, na kosa alilosomewa halikuwa kuandika ukweli, bali eti kutowasilisha hesabu za mauzo!

Kisa hicho cha hesabu za mauzo kinatufaa kuliko hadithi zote za marufuku, kwa kuwa kinaonyesha kwamba dola haihitaji kugombana na neno lenyewe. Huenda ikashika karatasi, leseni, au mfuko wa fedha.

Kameme FM ilipoanza mwaka 2000, na Inooro baada yake, mkulima wa kahawa wa Tetu alisikia lugha yake hewani kutwa nzima. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia, maana mkoloni aliwahi kumtia Gakaara wa Wanjau kizuizini mwaka 1952 kwa kuandika katika lugha hiyo hiyo. Lakini mtafiti George Ogola, katika makala yake ya 2011 kuhusu uchumi wa kisiasa wa vyombo vya habari nchini, anatukumbusha kuvitazama vyombo hivi pamoja na biashara na siasa zinazovilea. Je, mfumo wa vyama vingi una faida gani ikiwa vituo ni vingi na mlipaji ni mmoja?

Haya si mawazo ya kubuni. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza matangazo yote ya redio na televisheni ya taasisi za serikali yapelekwe KBC pekee. Mahakama Kuu ililibatilisha agizo hilo mwaka 2025. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, na mitambo ya vituo ikazimwa. Mahakama ikaingilia kati tena. Kuzimwa kwa mitambo kila mtu alikuona. Kunyimwa matangazo hakuonekani na msikilizaji. Yeye husikia tu kwamba mtangazaji hodari ameondoka, au kwamba kipindi cha maswali makali kimegeuka kuwa cha nyimbo.

Nasi tusiitazame Nairobi pekee. Kiongozi wa kaunti anapohojiwa redioni saa nzima bila kuulizwa habari za dawa hospitalini, muda huo ni wa habari, au umenunuliwa kwa kodi yetu?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinaturuhusu kuuliza. Tunapendekeza kila kikundi cha wakulima na kila kanisa hapa Tetu liandikie Serikali ya Kaunti ya Nyeri barua moja: ni vituo na magazeti gani yaliyolipwa mwaka uliopita, kiasi gani, na kwa vipindi gani? Sheria inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ikikaa kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nakala ya barua iletwe kwetu tuichapishe.