Lawama ni ya Nguo

Kiatu kikimbana mtu, hulaumu kiatu. Hukivua, hukitazama, husema, "Hiki ni kidogo," akatafuta kingine. Sijapata kumwona mtu akiutazama mguu wake kwa chuki na kuukaripia kwa kuwa mrefu. Lakini blauzi ikikataa kufungika kifuani, mwanamke hailaumu blauzi, hujilaumu mwenyewe. Ikimpwaya kifuani kama gunia tupu, vilevile hujilaumu mwenyewe. Msomaji, nataka tuulizane kwa nini mguu umepewa haki ambayo kifua kimenyimwa. Mimi nadai kwamba kifua hakina kosa, na kwamba aibu wanayoichukua wanawake wengi juu ya jambo hili ni deni ambalo hawakulikopa.

Huenda ukasema kwamba habari hii haifai kuandikwa katika kitabu cha wanafunzi. Nami najibu kwamba neno matiti si tusi. Ni jina la kiungo, kama bega na goti, na wengi wetu tulipata hapo chakula chetu cha kwanza duniani. Ukimya wa watu wenye heshima haujamsitiri mtu yeyote. Umewaachia wenye mzaha wa vibarazani uwanja mzima wa mazungumzo. Kama sisi walimu hatutaki kusema kwa adabu, wengine watasema bila adabu, na watoto wetu watawasikia wao.

Twende kwanza sokoni. Hapa Kware, katika Kaunti ya Kajiado, kama ilivyo Kitengela mjini, wengi wetu huvaa mitumba. Asubuhi ya siku ya soko robota hukatwa kamba, nguo humwagwa juu ya turubai, na wanawake huinama kuchagua. Nimeinama nao mara nyingi. Siku moja nilijikuta kati ya wanawake wawili. Wa kwanza, mwenye kifua kikubwa, alijaribu blauzi juu ya nguo aliyoivaa, akazivuta ncha mbili zisizotaka kukutana, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Maziwa haya yatanimaliza," alisema. Wa pili, mwembamba, alikuwa ameshika gauni zuri lililoshonwa kwa kifua kipana. "Afadhali wewe, dada yangu," alimjibu, "una cha kujaza. Mimi nguo hunipita kama ninavyopitwa na upepo." Kila mmoja alimwonea mwenziwe kijicho, na wote wawili waliondoka mikono mitupu. Nguo zilibaki juu ya turubai, wala hapana aliyezishitaki.

Usidhani kwamba hao wawili ni wa ajabu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mataifa 40, ambamo wanawake 18,541 waliulizwa kama wanaridhika na ukubwa wa matiti yao. Karibu nusu walitamani yawe makubwa zaidi. Kiasi cha robo walitamani yawe madogo. Walioridhika hawakufika theluthi moja. Pima hesabu hiyo kwa makini. Kama kosa lingekuwa la ukubwa, wenye makubwa ndio wangelalamika na wenye madogo wakanyamaza. Au kama kosa lingekuwa la udogo, mambo yangekuwa kinyume. Lakini walalamikao wako pande zote mbili. Jaji anayewahukumu wote, mrefu kwa urefu na mfupi kwa ufupi, si jaji wa haki. Yafaa tumwulize ametoka wapi na sheria yake aliitunga nani.

Basi na tukichunguze kipimo chenyewe. Kati ya mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate hesabu ya kukatia nguo. Matokeo yalitolewa mwaka 1941. Katika hesabu ile vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliwekwa kando, visitumike. Kutokana na kazi hiyo ilitungwa kanuni ya saizi za nguo za wanawake mwaka 1958. Nayo haikudumu, kwani mwaka 1983 serikali ya nchi ile iliiondoa. Tangu hapo kila kiwanda hujiandikia namba kama kipendavyo, na ndiyo sababu gauni la namba 12 la kiwanda kimoja hubana pale ambapo namba 12 la kiwanda kingine hupwaya. Nani kati ya wanawake wa Kware aliyeitwa kupimwa? Hata mmoja. Hata hivyo twasimama mbele ya kile kitambaa kidogo cha namba kilichoshonwa shingoni mwa nguo, tukakiogopa kama hati ya mahakama.

Tena mkataji wa kiwandani hakati nguo kwa ajili ya mtu. Hukata kwa maelfu. Huchukua umbo moja analoliona kuwa la wastani, akalikuza na kulipunguza kwa hesabu: kifua kikiongezeka, kiuno nacho huongezeka kwa kadiri iliyopangwa. Lakini miili haikuumbwa kwa jedwali. Yuko mwenye kifua kikubwa na kiuno chembamba; yuko mwenye mabega mapana na kifua kidogo; na wengi wana titi moja lililopita jingine kidogo kwa ukubwa, jambo la kawaida lisilo ugonjwa. Nguo ya umbo moja ikiwakosa hawa, nguo ndiyo iliyokosa shabaha. Mshale usiompata swala hausemi kwamba swala amesimama vibaya.

Kwetu jambo hili lina uchungu wa pekee. Mto Athi, mwendo mfupi kutoka Kitengela, kuna eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kupelekwa ng'ambo, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990. Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 2000 ya kupokea nguo kutoka Afrika bila ushuru, vyerehani viliongezeka pale, na wanawake wengi wa pande hizi wakapata kazi. Alfajiri hutoka nyumbani, wakashona kutwa blauzi zilizokatwa kwa vipimo vya watu wasiowajua. Jioni hurudi, na mwisho wa mwezi huinama juu ya turubai kutafuta blauzi iliyochakaa kwa watu wale wale. Sisemi kwamba blauzi ile ile aliyoishona humrudia. Lakini ya mfano wake humrudia, na kifungo hakifungi. Mfinyanzi hulia gaeni. Mikono iwezayo kushona nguo ya kumkaa mwanamke wa mbali haijapewa nafasi ya kumshonea mwenyewe.

Sitaki nieleweke vibaya. Siidharau mitumba, kwani imewavika watoto wa maskini, nami nimevikwa nayo. Serikali ilipozuia kuingizwa kwake kwa miezi kadhaa katika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wauzaji wengi walitaabika. Ninachokataa ni kuugeuza mtumba uwe kioo cha kujihukumia. Mwenye kuazima nguo hujua kwamba imekatwa kwa mwenyewe, ikimbana hasononeki. Nasi tuuone mtumba hivyo: ni nguo iliyokatwa kwa mwingine, nasi tunaitafutia njia ya kutukaa.

Sasa nageukia shule, maana hapo ndipo makosa haya hupandwa. Sare hununuliwa zikiwa zimeshonwa tayari, kwa mkato mmoja wa kifua, kana kwamba wasichana wote ni matofali ya kalibu moja. Kisha tunamwona msichana amevaa sweta saa saba za mchana katika jua kali la Kajiado, nasi twasema ni mkaidi. Twamwona amekataa kukimbia na kucheza netiboli, twasema ni mvivu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitangaza matokeo ya kuwauliza wasichana zaidi ya 2,000. Karibu nusu yao walisema kwamba matiti yao yanawaathiri katika kushiriki michezo. Hayo ni ya Uingereza, penye maduka yaliyojaa. Je, mahali ambapo sidiria ya kufaa ni anasa, hali ikoje?

Wapo wasemao, "Msichana akijiheshimu, nguo itamkaa." Nawaheshimu wazee hawa, lakini hoja yao siikubali. Heshima haiongezi sentimita katika kitambaa. Msichana mnyenyekevu kuliko wote hawezi kukifungisha kifungo ambacho mkataji alikiweka mahali pasipokuwa pake. Kumwadhibu kwa hilo ni kumpiga punda kwa sababu mzigo umefungwa vibaya.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa na blauzi nyeupe mbili tu, na zote zilifunguka kifungo cha katikati kila nilipoinua mkono kuandika ubaoni. Basi nikajifunza kuandika chini chini, na kushika kitabu kifuani kama ngao tangu mwanzo wa somo hata mwisho. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa akaandika kwamba sina ujasiri mbele ya wanafunzi. Nililia usiku ule, nikaamini. Miaka ikapita kabla ya mama mmoja fundi wa cherehani kunipima kwa utepe, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, wewe huna tatizo. Hizi nguo hazikukatwa kwako." Alinishonea blauzi ya kwanza iliyonikaa. Siku ya pili niliandika juu kabisa ya ubao. Kumbe ujasiri nilikuwa nao. Nilichokosa ni kifungo.

Aibu isiyo na jibu huzaa biashara ya uongo. Ndiyo maana yapo mafuta, vidonge na mizizi inayouzwa kwa ahadi ya kukuza matiti au kuyapunguza. Msomaji, zihifadhi fedha zako. Ukubwa wa matiti hutokana na urithi, na mafuta ya mwili, na umri, na homoni, na uzazi. Hapana krimu iliyothibitishwa kuubadili. Wala usiamini kwamba mwenye madogo atakosa maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Maziwa hutoka katika tezi, na sehemu kubwa ya tofauti ya ukubwa ni mafuta.

Mtu mwenye kulaumu hana budi kuonyesha njia. Njia ya kwanza ni kujipima. Utepe wa kupimia ni wa bei ndogo, wala hauna dharau. Zungusha utepe chini ya matiti, kisha uzungushe pale kifua kinapojaa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayochagua herufi ya sidiria, na kipimo cha chini ndicho kinachochagua namba ya mkanda wake. Njia ya pili ni kuchagua nguo inayotosha kifua, kisha kumpelekea fundi aipunguze kiuno na mabega, maana kupunguza ni rahisi, lakini kitambaa kisichokuwapo hakiongezeki. Njia ya tatu ni ya wakuu wa shule na wazazi: waruhusuni wasichana wapimwe na mwanamke fundi wa mtaani, kila mmoja kwa faragha, sare ishonwe kwa rangi ile ile lakini kwa mwili wake. Usawa wa rangi unatosha. Usawa wa miili hautakuja.

Nanyi wavulana mnaosoma, msidhani mmesahauliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzaha mmoja mnaoutupa njiani huweza kumwondoa dada yenu uwanjani kwa mwaka mzima.

Itazame leso. Haina saizi, wala namba shingoni. Mwembamba hujifunga ikamzunguka mara mbili, mnene ikamzunguka mara moja, na wote wawili wamesitirika. Nguo ile hufuata mwili, haiudai mwili uifuate. Tukiweza kuidai blauzi, na sare, na gauni, kwamba nazo zitufuate, tutakuwa tumerudisha lawama mahali pake. Kesho utakaposimama mbele ya kioo na kifungo kikakataa, usiinamishe kichwa. Ivue nguo hiyo, itazame kama utazamavyo kiatu kinachobana, useme, "Hii ni ndogo." Kisha nenda kwa fundi.