Je, uko tayari kufuga mbwa?

Mbwa wa jirani akizaa, huzaa watoto wengi. Huzaa watano, sita, hata wanane. Jirani hawezi kuwalisha wote. Kwa hiyo hukuita na kukuambia, "Njoo uchague mmoja. Sitaki hela." Watoto wako wanaruka kwa furaha. Wewe unamtazama yule mwenye madoa, unaona anafaa.

Ngoja kwanza. Usimbebe leo. Mtoto wa mbwa hana bei, lakini ana gharama, na gharama hiyo ni ya miaka 10 au zaidi. Ukimchukua, unaongeza mdomo mmoja nyumbani. Tena ni mdomo wenye meno.

Hapa kwetu Kishapu mbwa ana kazi. Analinda mbuzi na kondoo zizini. Anafuatana na vijana machungani. Usiku anabweka mwizi akikaribia. Na fisi je? Wazee wanakumbuka jinsi Shinyanga ilivyokuwa tupu, miti imekatwa, upepo unapeperusha udongo. Mwaka 1986 Serikali ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Watu walihimizwa kurudisha desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyapumzisha. Majani yalirudi. Miti ilirudi. Fisi naye anapenda vichaka, maana mchana hupata pa kujificha.

Lakini usidanganyike. Mbwa mmoja hawezi kupigana na fisi. Kazi yake ni kubweka ili wewe uamke. Kama boma lako la miiba lina tundu, ziba tundu hilo kwanza. Mbwa hazibi tundu.

Sasa tuzungumze juu ya chakula. Watu wengi husema, "Mbwa atakula makombo." Je, nyumbani kwako makombo yapo? Baada ya mavuno ya mtama na uwele, ugali hubaki. Je, miezi ile ya kabla ya mavuno, wakati ghala limebaki vumbi, hubaki nini? Mbwa asiyelishwa kwake hujilisha kwingine. Ataanza kwa mayai ya kuku wako. Kisha atakwenda kwa jirani, kisha atazurura na mbwa wengine mpaka mnadani. Huko ndiko anakoumwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani.

Maji pia anahitaji. Wakati wa kiangazi lambo likikauka, nani anakwenda kuteka maji mbali? Mara nyingi ni mama na watoto wa kike. Basi, kabla baba hajasema "ndiyo" kwa jirani, na azungumze na mama. Ndiye atakayempikia mbwa huyo na kumtilia maji. Si haki mtu mmoja kuamua na mwingine kubeba ndoo.

Sasa nakuja kwenye jambo kubwa. Jambo hilo ni kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa si uchawi wala laana. Husababishwa na kijidudu kidogo sana ambacho macho hayawezi kukiona. Kijidudu hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimuuma mtu, mate huingia katika kidonda, na kijidudu husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, au miezi miwili mitatu, na mara chache mwaka au zaidi. Wakati huo kidonda kimekwisha pona na watu wamesahau. Halafu mgonjwa anaanza kuogopa maji. Akifika hapo, karibu kila mara hufa. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mganga inayomrudisha.

Duniani kote inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila 10 wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa. Tena mtoto akiumwa kidogo huweza kuficha, akiogopa kuchapwa. Waambie watoto wako leo kwamba mtu akiumwa na mbwa hachapwi.

Mbwa mwenye ugonjwa huu hubadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, anauma hata miti na mawe. Lakini mwingine hawi mkali. Anakaa gizani, taya limelegea, mate yanamtoka, sauti imebadilika. Mtu anadhani amekwamwa na mfupa, anatia mkono kinywani ili autoe. Usifanye hivyo kamwe. Ng'ombe, mbuzi na punda nao huugua wakiumwa na mbwa huyo.

Mtu akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi. Osha kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala majani. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona mbwa atafanya nini. Utachomwa sindano zaidi ya moja, kwa siku mbalimbali. Maliza zote. Wazee huogopa kwa sababu zamani sindano hizo zilichomwa tumboni, tena nyingi. Siku hizi huchomwa mkononi. Chanjo hiyo ilianza Ufaransa mwaka 1885, wakati mtaalamu Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto huyo alipona akawa mtu mzima.

Lakini sindano za mtu ni ghali, na mara nyingine unazifuata mbali. Sindano ya mbwa ni rahisi zaidi, na ni moja tu kwa mwaka. Hapo ndipo mtu mwenye busara anapopiga hesabu. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na wakiendelea kuchanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha hivyo. Mbwa walichanjwa kuanzia mwaka 2010, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ulirudi. Watu wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ukatoweka tena. Kishapu si kisiwa. Mbwa wa kata nyingine anakuja kwa miguu yake. Kwa hiyo sisi tunahitaji kuchanja zaidi, si kupunguza.

Basi swali la kwanza la mtu anayetaka mbwa si "Atanilindia mbuzi?" Swali ni hili: "Nani atampeleka kwenye chanjo kila mwaka?" Sema jina la mtu huyo. Kama ni wewe, na unakwenda kutafuta almasi Maganzo au dhahabu Geita, je, utarudi siku hiyo? Wanaume wengi huondoka mbwa akiwa mdogo. Wakirudi wanakuta mbwa mkubwa asiye na bwana, na hakuna anayethubutu kumgusa.

Hilo la kugusa ni la maana sana. Mbwa asiyeshikika hachanjiki. Wenye mbwa wakali hufika uwanjani mikono mitupu, wanamwambia mtaalamu, "Wangu amekataa kamba." Mbwa huzoea kamba akiwa mdogo. Mshike kila siku, mguse masikio, mguse miguu, mfunge kamba kidogo na umfungue. Usimpige mateke ukidhani unamfanya awe mlinzi mkali. Mbwa anayepigwa huuma wenyewe wa nyumba. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kuna jambo la minyoo pia. Ukichinja mbuzi au kondoo, tazama mapafu na maini. Ukiona malengelenge yenye maji ndani, usimtupie mbwa. Yachome moto au yafukie chini sana. Mbwa akiyala, hupata minyoo, na mayai ya minyoo hutoka na kinyesi chake. Mtoto akichezea mchanga huo na kula bila kunawa, malengelenge kama yale yale huweza kuota ndani ya mwili wake.

Je, utachukua jike au dume? Jike hulinda vizuri kama dume. Lakini kumbuka kwamba hubeba mimba kwa miezi miwili tu. Usipokuwa tayari kumpeleka kuhasiwa, mwakani wewe ndiye utakayewaita majirani waje kuchagua.

Ukiona huwezi, mwambie jirani, "Asante, mwaka huu siwezi." Hiyo si aibu. Aibu ni kumchukua, kisha kwenda kumtupa porini au mnadani chakula kikipungua.

Ukiona unaweza, mwache mtoto anyonye mpaka afikishe wiki 8. Muulize jirani mama yake alichanjwa lini. Muulize afisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mtoto wa mbwa akichanjwa kabla ya kufikisha miezi 3, lazima arudiwe. Atakupa kadi. Itunze pamoja na karatasi zako nyingine, mahali ambapo mchwa hawafiki. Kisha chukua daftari lako uandike kwa mkono wako mwenyewe. Andika jina la mbwa, siku aliyochanjwa, na siku ya kumrudisha mwakani. Kwa mfano:

Mbwa wetu Simba. Amechanjwa tarehe 28 Septemba. Atampeleka tena: mama Simoni.