Kutamani bundu si dharura



Vijana wetu walioko Uingereza na Marekani wana wimbo mmoja: "Ustadhi, huku chakula chetu hakuna, tunakula tunachokipata." Maneno hayo siyakubali! Dharura inayohalalisha haramu ni njaa ya kuhofia kufa, siyo kukosa bundu na sombe. Huko London unga wa muhogo na matoke vinauzwa, na mabucha ya halali ni mengi. Marekani, ukitoka miji mikubwa, kweli ni tabu zaidi. Lakini samaki wapo, na samaki hahitaji kuchinjwa. Mchele upo, mayai yapo. Wengine huleta hoja ya chakula cha Ahlul-Kitab. Sawa, lakini nyama ya nguruwe imeingiaje humo?

Ila lawama kubwa ni yenu wazazi. Mtoto anaondoka Kasese hajawahi kusonga bundu wala kutwanga sombe, amezoea chipsi za mjini. Ladha ya nyumbani ataipika kwa mikono ipi? Mwiteni jikoni leo, na wavulana pia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akisaidia kazi za nyumbani kwake.